Jimbo Lililopima Kura kwa Kilo

Tang!

Sauti hiyo ilisikika kabla ya kitu chochote kuonekana. Watu wa Bomani na watu wa Ng'ambo walikuwa wamesimama nje ya ghala la pamba, mbele ya pazia jeusi la kaniki, wakisubiri kuona demokrasia inafananaje. Haikuonekana. Ilisikika tu: jiwe limeangukia ndani ya debe tupu. Kisha pazia likafunuka, akatoka shangazi yangu, Bi Mwanamize, mtu wa kwanza kupiga kura katika historia ya jimbo letu, mkono kiunoni.

"Ndiyo imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, mama," akajibu Bwana Shedafa, Msimamizi wa Uchaguzi. "Umeshatawala."

"Mbona upesi hivyo?"

"Wananchi kutawala huwa hakuchukui muda, mama. Mpishe mwenzio."

Nchi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa ni nchi nzuri na haipendi kutajwatajwa. Wenye hekima walioiandikia katiba waliona kwamba wengi wetu hatujui kusoma, wakaamua tupige kura kwa mawe. Nyuma ya pazia palikuwa na madebe mawili, moja limechorwa mwavuli, jingine limechorwa birika. Mpiga kura aliingia na jiwe moja, akaliangusha kwa amtakaye. Karani alikaa nje ametega sikio. Tang moja, kura moja. Aliyesikika tang mara mbili alikamatwa. Mzee mmoja mwenye kifua kibovu alikamatwa kwa kukohoa.

Jimbo letu limekatwa katikati na mto Kidundwi. Upande wa Bomani kuna ofisi, soko, zahanati na ghala. Upande wa Ng'ambo kuna watu. Kiangazi tunavuka maji yakiwa magotini. Masika tunakaa kwetu na kumshukuru Mungu kwa mvua, kwani hakuna jingine la kufanya. Ndiyo maana Mheshimiwa Bumbwi, mgombea wa Mwavuli na mwenye machimbo ya kokoto, alipopanda jukwaani mara ya kwanza na kusema, "Nichagueni niwajengee daraja," Ng'ambo nzima ilimpa mawe yake yote.

Kuhesabu kulichukua siku tisa. Kila karani alipokaribia mia tatu aliitwa kula, akirudi alianza upya. Siku ya kumi Bwana Shedafa alimtangaza Mheshimiwa Bumbwi kuwa mshindi, akasema kwamba kuhesabu ni kazi ya kizamani isiyolingana na kasi ya taifa changa.

*

Katika uchaguzi wa pili kura hazikuhesabiwa. Zilipimwa.

Ghala la pamba lilikuwa na mzani mkubwa wa chuma uliozamishwa miguu yake katika saruji, na Bwana Shedafa hakuona sababu ya mzani huo kulala bure wakati si msimu wa pamba. "Mawe ni mawe," alieleza. "Ukijua kilo, umejua kura. Huu ni ugunduzi wa kwetu wenyewe, hatukuazima kwa mtu."

Hakuna aliyesema jiwe liwe na ukubwa gani. Sisi wa Ng'ambo, watu wa adabu, tulikuja na vijiwe vya mtoni vinavyoenea kiganjani. Mheshimiwa Bumbwi alikuja na mkokoteni wa ng'ombe wawili, na juu yake jiwe la kusagia la babu yake. Wanaume saba walilisukuma hadi nyuma ya pazia. Debe lililazwa ubavu kwa heshima.

Mgombea wa Birika alikwenda mahakamani. Hakimu alisoma hukumu kwa saa mbili, lakini kiini chake ni sentensi moja: "Sheria imesema jiwe, haikusema jiwe gani, na mahakama hii haina mamlaka ya kuliuliza jiwe ukoo wake."

Mwaka huohuo, masika, mama yangu alishikwa na uchungu wa kumzaa mdogo wangu Siwema. Walimbeba kwa kitanda hadi mtoni. Maji yalikuwa kifuani mwa mtu mrefu. Wakasubiri yapungue. Siwema alizaliwa palepale ukingoni, na mama hakuvuka. Nilikuwa na miaka minne. Kutoka pale tuliposimama niliiona zahanati waziwazi, ukuta mweupe na mlango wa buluu. Ilikuwa karibu. Katika nchi yetu huduma zote zimesogezwa karibu na wananchi.

Mheshimiwa Bumbwi alituletea sanda na salamu za rambirambi. Katika salamu hizo alitaja daraja.

*

Uchaguzi wa tatu tulikuwa tumeerevuka. Ng'ambo ilikusanya majabali. Bwana Shedafa, alipopata habari, alitangaza kwamba ili kuleta usawa kila mpiga kura atapewa jiwe la serikali kutoka machimbo ya Mheshimiwa Bumbwi, limegongwa muhuri, bila malipo.

Watu wa Bomani walipewa mawe meusi, mazito kama dhamiri. Sisi tulipewa yale mepesi yenye matundu, ya kusugulia magaga.

"Bwana Shedafa," shangazi akasema, akilirusha lake hewani na kulidaka, "hili jiwe mbona kama mkate?"

"Thamani ya kura haiko katika uzito, mama."

"Sasa mnapima nini?"

"Uzito."

Wapiga kura mia tano na themanini wa Ng'ambo walitoa jumla ya kilo ishirini na tisa. Redioni walisema Ng'ambo hawakujitokeza. Shangazi alikuwa wa mwisho katika foleni, na alipoona mambo yalivyo, alirudi na lake nyumbani. Mpaka leo anasugulia visigino. Husema ndiyo faida pekee aliyoipata kwa serikali, na visigino vyake, lazima nikiri, ni laini kupita vya mke wa waziri.

Baada ya hapo tuliandika barua ya kuomba daraja. Jibu lilikuja baada ya miaka minne, uchaguzi wa nne ukiwa mlangoni. Lilisema ombi letu limezingatiwa kwa kina, na katika kulizingatia imegundulika kwamba, kwa kuwa hakuna daraja kati ya Bomani na Ng'ambo, hakuna kinachothibitisha kwamba Ng'ambo ni sehemu ya jimbo. Kwa hiyo tumehamishiwa Jimbo la Mlimani, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Mlimani nao wakaandika kwamba hawatujui.

Kwa miaka mitano hatukuwa wa jimbo lolote. Hatukuona tofauti.

*

Uchaguzi wa tano tulirudishwa, kwa sababu sensa ilionyesha kwamba bila sisi jimbo halina watu wa kutosha kuitwa jimbo. Lakini mwaka huo nchi ilikuwa katika kubana matumizi, na Bwana Shedafa alikuwa na wazo jingine. Kwa nini kusumbua umma kubeba mawe, wakati lengo ni kujua mgombea yupi ana uzito zaidi? Wapimwe wagombea wenyewe.

Mheshimiwa Bumbwi alipanda mzani mbele ya wageni waalikwa: kilo mia moja thelathini na nne. Makofi. Akapanda mgombea wa Birika, Mwalimu Sekiete, mtu aliyefundisha miaka thelathini na kula mara chache: kilo hamsini na moja.

"Naomba nishike vitabu vyangu," Mwalimu akasema.

Bwana Shedafa akafunua sheria, akatafuta ukurasa, akafunga. "Elimu haina uzito kisheria."

Mwalimu Sekiete aliteremka mzanini taratibu, akavaa viatu vyake. Tangu siku hiyo hajatia neno katika siasa. Ukimsalimia "Shikamoo, mwalimu," anaitikia, halafu anatazama tumbo lako.

*

Nasi tukafika uchaguzi wa sita, wa mwaka huu.

Safari hii wakubwa wa nje ya nchi walikuwa wameanza kuuliza maswali, na Tume ya Uchaguzi ikatoa kanuni mpya, ambayo naiandika yote kwa kuwa naijua kwa moyo: "Kila mpiga kura atakuja na jiwe lake mwenyewe, zito kwa kadiri awezavyo kulibeba toka nyumbani kwake hadi mzanini, bila kusaidiwa na mtu, mnyama wala gurudumu."

Nadhani aliyeiandika hajawahi kufika Ng'ambo. Bomani wana barabara na pikipiki. Kijana wa Bomani akinunua kilo mbili za unga anatafuta wa kumbebea. Ng'ambo kila mwanamke amebeba maji kichwani tangu ana miaka saba. Mahesabu yalikuwa mepesi. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano, haki ilikuwa upande wetu na hawakujua.

Mgombea wetu alikuwa Chezani, mtoto wa Ng'ambo, rafiki yangu wa kuchunga pamoja. Alituamsha kila alfajiri tukafanya mazoezi ya kupanda na kushuka kilima na mawe vichwani. Mimi nilimtungia shairi la kampeni, likaimbwa na mabibi na vijana kwa sauti moja:

*Jiwe langu li kichwani, sijali jua la moto,*
*Nalipeleka mizani, halibebwi na mtoto,*
*Chezani nenda Bungeni, ukaseme yetu ndoto,*
*Daraja tunatamani, tuuvuke wetu mto.*

Sijasomea ushairi kokote, lakini mizani yake hesabuni wenyewe. Haikugongwa muhuri na mtu.

Mheshimiwa Bumbwi naye alikuja kutuomba kura. Alivuka mto mabegani mwa wanaume wanne, akasimama mbele yetu na suruali kavu, akaahidi daraja. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, daraja linakwama kwa nini?"

"Mawe, kijana wangu. Daraja linataka mawe."

"Lakini wewe una machimbo."

"Machimbo ni biashara. Daraja ni huduma. Tusichanganye mambo."

"Na ghalani kuna mawe ya chaguzi zote zilizopita. Jiwe la kusagia peke yake linatosha nguzo."

Hapo Bwana Shedafa, aliyekuwa amesinzia kitini, aliruka kama aliyekalia siafu. Nywele zake zimekuwa nyeupe katika utumishi, lakini sauti bado ni ileile.

"Hayo si mawe!" akasema. "Hayo ni kura! Kura iliyopimwa inahifadhiwa ghalani milele, chini ya ulinzi wa askari wawili. Wataka watu watembee juu ya sauti ya wananchi?"

"Si ndiyo mnayotembea juu yake kila siku?" akadakia shangazi. Watu wakacheka. Bwana Shedafa akaandika jina lake katika kijitabu.

Siwema alikuwa amekaa pembeni juu ya kinu kilicholazwa, tumbo limemfikia magotini. Hakucheka. Alikuwa anautazama mto.

"Mkunga kasema mwezi huu, kaka," akaniambia tulipokuwa tunarudi. "Na mawingu yale unayaona."

"Chezani akishinda, daraja litaanza."

"Mtoto hajui Chezani akishinda lini."

*

Siku ya uchaguzi mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Uchungu ulimshika Siwema jua likichomoza.

Tulifika mtoni kwa misafara miwili. Mmoja ulikuwa wa wapiga kura mia sita na kumi na wawili, kila mmoja na jiwe lake: wengine kichwani, wengine begani, Mwalimu Sekiete amekumbatia la kwake kifuani kama mtoto. Mwingine ulikuwa wa watu sita, wenye kitanda cha kamba, na juu yake mdogo wangu. Misafara yote miwili ilisimama ukingoni. Maji yalikuwa kifuani mwa mtu mrefu.

Mtumbwi pekee wa kijiji, tuliouchonga mwaka huu, haukuwepo. Ulikuwa Bomani, umepakwa rangi za Mwavuli na kuwekwa juu ya lori kwa ajili ya gwaride la ushindi.

"Tusubiri yapungue," mtu mmoja akasema.

Sijui ni nani, na nafurahi simjui, kwa maana maneno hayo niliwahi kuyasikia mahali hapohapo nikiwa na miaka minne. Upande wa Bomani, mlango wa buluu ulikuwa wazi. Mkunga alikuwa amesimama nje, mkono juu ya macho.

Siwema akalia. Kilio hicho sitakieleza.

Shangazi Bi Mwanamize alikuwa wa kwanza katika foleni, kama miaka ishirini na mitano iliyopita. Ana miaka sitini na nane na jiwe lake lilikuwa na kilo thelathini. Alilipima mwenyewe kwa mzani wa muuza samaki. Akapiga hatua hadi maji yalipomfika vifundoni. Akainama. Akaliangusha.

Chubwi.

"Shangazi!" Chezani akapiga kelele. "Hiyo ni kura!"

"Ilikuwa kura, mwanangu," shangazi akasema bila kugeuka. "Sasa ni jiwe. Mwenzangu, leta lako. Liweke hapa, ubapa juu."

Chezani alikimbia huku na huku akitushika mikono. "Jamani, tumeshinda! Tumeshashinda, bado kuvuka tu!" Na mimi, mtunga mashairi yake, nililiangusha la kwangu la kilo arobaini na tisa, jiwe nililolibeba kilimani mwaka mzima, jiwe lililokuwa na jina. Halikutoa hata sauti ya kuridhisha.

Watu mia sita wanaopanga mawe bila msimamizi ni watu wa kuogopwa. Hapakuwa na kamati. Hapakuwa na mgeni rasmi. Warefu walisimama majini, wengine wakapokezana, na majabali yalipanda moja juu ya jingine, maji yakipenya katikati na kulalamika. Kabla chai ya saa nne haijanywewa Bomani, palikuwa na njia ya mawe yenye upana wa kitanda kutoka ukingo huu hadi ule. Daraja lililoshindikana kwa robo karne kwa kukosa mawe lilichukua saa mbili na nusu.

Tulivuka na Siwema juu yake. Miguu yetu haikulowa zaidi ya nyayo.

Alijifungua mtoto wa kike adhuhuri, mlango wa buluu ukiwa umefungwa na mimi nje nimejikunyata kama mshitakiwa. Mkunga alitoka akasema, "Wote wawili," kisha akaniacha nilie.

*

Sasa nieleze matokeo, maana hadithi ya uchaguzi lazima iwe na matokeo.

Saa kumi jioni Bwana Shedafa alitangaza: Bomani, kilo elfu mbili mia tatu na kumi. Ng'ambo, sifuri. Mheshimiwa Bumbwi akawa anakusanya pumzi ya kushukuru, lakini Bwana Shedafa akainua kidole. Alikuwa amesoma sheria upya. Mto uko ndani ya jimbo. Mawe yaliletwa na wapiga kura halali, siku halali, saa halali, yakaangushwa kwa hiari yao mbele ya mashahidi. Kwa hiyo, kisheria, mto Kidundwi ni debe.

"Yale si daraja," akasema. "Yale ni kura. Jumatatu saa mbili asubuhi yataopolewa yote na kuletwa mzanini. Mpaka hapo jimbo halina mbunge."

"Yapimwe palepale," nikasema.

"Mzani umezamishwa katika saruji."

"Basi yakishapimwa yarudishwe."

"Kura iliyopimwa inahifadhiwa milele." Alisema bila ubaya. Bwana Shedafa si mtu mbaya; ameisoma sheria muda mrefu mno mpaka imemsoma yeye.

Na hapo dunia ilipinduka. Mheshimiwa Bumbwi ana machimbo, anajua kukadiria uzito kwa macho. Alitazama ile njia ya mawe, akaona ikipimwa ameshindwa, na Jumamosi asubuhi alikuwa ukingoni na utepe na mkasi na bendi ya shule.

"Ndugu wananchi!" akahutubia. "Nilisema daraja, wakanicheka. Leo daraja hili hapa! Na asitokee mtu, nasema asitokee mtu, akalibomoa kwa kisingizio cha kura. Mimi nitalilinda daraja la watu wangu kwa damu yangu!" Akakata utepe. Bendi ikapiga. Akavuka kwa miguu yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, akatusalimia mmoja mmoja kama bwana harusi.

Jioni alikuja Chezani. Alikuja na vijana ishirini na mitaimbo.

"Umemsikia yule mwizi?" akaniuliza. "Anayaogopa yale mawe! Nimepiga hesabu. Watu mia sita na kumi na wawili, tukisema kila mtu kilo thelathini, ni zaidi ya elfu kumi na nane. Tumemzidi mara saba. Jumatatu asubuhi tunaopoa sisi wenyewe, tunayapeleka. Mwisho wa Bumbwi!"

"Na daraja?"

"Nikiingia Bungeni nitakujengea la saruji."

Aliyasikia mwenyewe maneno yake. Nilimwona ameyasikia. Lakini mtu akishayatamka jukwaani mara mia, kinywa kinakuwa na njia yake.

"Lini?" nikauliza.

"Kikao cha kwanza tunabadili sheria ya mawe. Cha pili tunaomba bajeti. Ndugu yangu, ni miaka ishirini na mitano tumesubiri. Utashindwa kusubiri miaka miwili?"

"Masika ni kila mwaka, Chezani."

"Kwa hiyo wewe uko na Bumbwi?"

Nilitaka kumpiga. Ningempiga kila mtu siku ile: Bumbwi na utepe wake, Shedafa na kitabu chake, na mimi mwenyewe niliyekaa miezi minane natafuta vina vya kumsindikiza mtu Bungeni. Ukilitetea daraja, Bumbwi anarudi miaka mitano mingine, akiwa na picha ya daraja kwenye kalenda. Ukilibomoa, umemshinda Bumbwi na huna pa kupita kwenda kushangilia. Nchi iliyotuwekea maswali ya namna hii haikutuwekea kwa bahati mbaya. Kuna mtu ofisini analipwa kuyatunga.

Jumapili alasiri nilimfuata Siwema zahanati, nikamrudisha nyumbani. Tulivuka taratibu, mimi mbele, yeye nyuma na mtoto kifuani ndani ya kanga, shangazi nyuma yake akitaja mawe kama anavyowataja jirani: "Hili la Mwalimu. Hili la mke wa mhunzi, mwanamke yule ana shingo. Hili la kwangu, angalia, limekaa kama kiti."

Ng'ambo, vijana wa Chezani walikuwa wameketi ukingoni na mitaimbo yao, wakiisubiri kesho. Chezani alisimama akatupisha. Alimtazama mtoto, akasema "Hongera, dada," kwa sauti ya mtu mwema, kwa kuwa ni mtu mwema.

Siwema alifunua ncha ya kanga akanionyesha uso wa mtoto. Macho yake yalikuwa na rangi ya manjano kama ua la mboga.

"Mkunga kasema isipopungua nimrudishe kesho asubuhi, saa mbili," akasema. "Kasema nisichelewe hata kidogo. Nitapita wapi, kaka?"

Nikafungua mdomo.

"Tena na wewe usiniahidi daraja," akanikata. "Nimezaliwa hapa hapa ukingoni juu ya ahadi ya daraja. Niambie tu nitapita wapi."

Shangazi alikuwa amekaa juu ya jiwe lake, miguu majini, anasugua kisigino kwa kura yake ya uchaguzi wa tatu. Aliacha kusugua. Vijana ishirini walikuwa wananitazama, na Chezani, na juu kidogo kwenye ukingo wa Bomani mpiga picha wa Mheshimiwa Bumbwi alikuwa anatafuta pembe nzuri. Nilipaza sauti ili wote wasikie, wa upande huu na wa upande ule, ingawa nilikuwa nasema na mtu mmoja tu.

"Siwema, kesho saa mbili utapita hapa hapa ulipopita leo, kwa miguu yako, na mwanao kifuani. Nitalala juu ya mawe haya usiku huu na nitaamkia juu yake. Anayetaka kulitoa la kwanza, awe wa Bumbwi, awe wa Shedafa, awe rafiki yangu Chezani, ataanza kwa kunitoa mimi."